Korogwe na Handeni: Shuka, Uketi Kijiweni

Abiria wa mabasi ya Arusha na Moshi huifahamu Korogwe kwa dakika chache tu. Basi linasimama, watu wanachimba dawa, wananunua matunda dirishani, konda anapiga ukelele, safari inaendelea. Wanakosa mengi. Korogwe ni mji wa kushusha begi, ukaingia ndani kidogo upande wa Manundu, ukatafuta benchi lenye dele la kahawa pembeni, ukasalimia, ukaketi. Benchi hilo ndilo lililonifanya niupende mji huu kuliko miji mingi yenye fukwe na majumba ya kale.

Kijiwe cha kahawa hakina katiba wala mwenyekiti. Muuza kahawa hufika na dele lililokalia jiko la makaa, vikombe vidogo vya mafunda matatu, na ndoo ya maji ya kusuuzia. Kahawa ni chungu. Utamu unautafuta kwenye kashata ya karanga. Ubao wa drafti umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kete ni vizibo vya soda: vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule chali. Anayefungwa anampisha mwenzake. Watazamaji ndio wenye kazi kubwa, maana wao huiona njia ya kingi kabla ya mchezaji, na hakuna anayekubali kunyamaza.

Anayeketi hapo ni fundi cherehani, dereva mstaafu, dalali wa mahindi, mwalimu, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria. Usipoonekana siku mbili, mtu atapita kwako kugonga mlango. Na msiba ukimfika mmoja wao, drafti inafunikwa, daftari linatoka, mchango unaandikwa jina kwa jina. Jioni hiyohiyo watu waliokuwa wakibishana kuhusu Simba na Yanga utawaona wanabeba viti na kufunga maturubai. Serikali ya mtaa haijawatuma, wala hakuna fomu waliyojaza.

Benchi hilohilo hukaliwa na watu wa makabila mengi, na wingi huo una historia yake. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakafuata reli, na mashamba yakataka watu. Ndipo walipoletwa manamba kwa mikataba, kutoka Kigoma, Tabora, Songea, hadi Msumbiji na Ruanda-Urundi, wakachanganyika na Wasambaa walioshuka kutoka milimani, Wazigua wa ng'ambo ya Mto Pangani na Wabondei wa upande wa Muheza. Mkataba ulipoisha wengine walirudi kwao, wengine wakabaki, wakaoa, wakazikwa hapa. Wajukuu wao ndio wanaotaniana leo kwenye kahawa. Mtu akikuambia asili yake ni Uha au Umakonde kisha akakuelekeza makaburi ya babu zake Magunga, usidhani anakudanganya.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikaiangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na katika miaka iliyofuata kambi nyingi zikapungua watu. Treni ya abiria nayo ikaja kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Stesheni isiyo na abiria haina mtu wa kumuuzia kahawa, na riziki ikahamia barabara kuu. Kwa mtazamo wangu kijiwe huhamia inakosimama safari. Treni ya abiria ilirudi kwenye njia hii Desemba 2019, na tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Saa nane za usiku Korogwe ina watu macho, na penye watu macho kahawa haikosi mnywaji.

Kwenda Handeni unavuka Mto Pangani, unaiacha milima ya Usambara nyuma, unaingia nyika. Ni kilomita 65 hivi, na sasa ni lami tupu. Zamani masika yalikuwa yakiikata safari hiyo mara kwa mara. Hewa inakauka, mahindi yanaenea pande zote, ng'ombe wanavuka barabara bila haraka. Handeni mazungumzo ni ya taratibu zaidi. Mvua huzungumzwa kama jamaa aliyechelewa kurudi: alionekana wapi, atafika lini, mwaka jana alimdhulumu nani. Mgeni anayejua kusikiliza atapata mwaliko wa chakula, na akikuta bada, ugali wa muhogo, asikatae.

Kizigua kinachosikika hapo kimesafiri kuliko wengi wetu. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia, na uzao wao ukakaa bonde la Mto Juba bila kuiacha lugha. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikuja Tanzania kama wakimbizi, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, humuhumu Handeni. Wengi wamepata uraia. Nazifikiria salamu za mwanzo kati yao na wenyeji, Kizigua kwa Kizigua, baada ya zaidi ya karne moja, na najua hakuna jumba la makumbusho litakalonipa utajiri huo.

Wageni hawajaisha. Tangu mwaka 2022 familia za Kimaasai kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani humuhumu Handeni, hatua iliyozua mjadala mkali nchini. Hukumu ya mjadala ule haitoki kijiweni, lakini nani anasogezewa nafasi kwenye benchi ni uamuzi wa wanakijiwe wenyewe, nami natamani wamsogezee Mmaasai nafasi kama walivyowasogezea manamba.

Kinachonitia wasiwasi kuhusu vijiwe ni pesa. Wapo wanakijiwe walioanzisha kikoba, wakakopeshana, na deni moja likawafanya watu waliokula kashata sahani moja wapitane bila salamu. Kinamama wamefaulu zaidi: hisa zao zinahesabiwa mbele ya wote na sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu. Vijana nao wamevutwa na mikeka ya kubashiri mpira. Wapo kwenye benchi, macho yako kwenye simu. Hata hivyo kila ninapopita nakuta mmoja wao ameiweka simu mfukoni akabishania kingi na mzee wa miaka sabini.

Ukienda, panga kulala. Fika kijiweni baada ya swala ya alasiri, zungusha salamu kwa wote kuanzia mkubwa, nunua kahawa ya watu wawili watatu, na usiombe kucheza drafti siku ya kwanza. Watakuita.