Mfuko Uliotangulia Msiba

Katika makambi ya askari na katika nyumba za polisi, desturi ya kuchangiana imezoeleka hata hakuna aionaye kuwa jambo la ajabu. Mtu afapo, daftari hupita mlango hadi mlango. Huyu hutoa fedha, yule hutoa unga, na kabla jua halijatua jina la kila mmoja limekwisha andikwa. Daftari hilo lina nguvu, nayo nguvu yake hutokana na jambo moja: waliofikwa ni wachache, na wanaochanga ni wengi. Lakini iko misiba isiyochagua nyumba. Huja mafuriko, au moto, au maradhi ya kuambukiza, na siku hiyo mshika daftari mwenyewe amekalia godoro lililolowa maji. Nani basi atakayepita mlangoni, naye atapita na nini mkononi?

Jibu moja lilipatikana katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, nchini Marekani, ingawa aliyelitoa alikuwa akitafuta dawa ya ugonjwa mwingine. Frederick Harris Goff alikuwa mwanasheria, kisha akawa mkuu wa benki ya Cleveland Trust, na katika kazi zote mbili alizoea kushughulika na mali za marehemu. Aliona jinsi matajiri walivyoandika wosia wenye masharti ya chuma, ambayo baada ya miaka kupita hayakumfaa mtu yeyote. Mfano wa namna hiyo ni ule wa Bryan Mullanphy, aliyepata kuwa meya wa St. Louis. Alipofariki mwaka 1851 aliacha theluthi ya mali yake iwasaidie maskini waliopita katika mji huo wakienda kuhamia nchi za magharibi. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini njia za reli zikaenea, wasafiri wale wakapungua mpaka wakawa hawaonekani, na fedha zikabaki zikiwangoja watu wasiopita tena. Hakimu akiulinda wosia, maskini waliopo wanakosa. Akiuvunja, marehemu amedhulumiwa.

Tarehe 2 Januari 1914, wakurugenzi wa benki ya Goff walipitisha azimio la kuanzisha mfuko wa jamii wa Cleveland. Kila mwenye kutaka, awe na kikubwa au kidogo, aliweza kuitia sadaka yake katika mfuko huo mmoja. Benki ingeitunza mali na kuizalisha. Mapato yake yangegawiwa na kamati ya watu watano, na katika hao benki iliteua wawili tu. Waliobaki waliteuliwa na meya na mahakimu. Kamati ilipewa ruhusa ambayo wosia wa Mullanphy haukuwa nayo, nayo ni kuyabadili matumizi endapo haja ya mwanzo imetoweka. Msomaji wa pwani atasema kwamba wakfu ni jambo la kale kuliko Cleveland na Ohio yake, naye atakuwa amesema kweli. Tofauti ni kwamba katika wakfu neno la mtoaji ndilo litawalalo daima, na hapa neno la mwisho waliachiwa watu walio hai, wanaoiona haja kwa macho yao.

Miji mingine iliiga upesi. Chicago na Boston zilianzisha mifuko yao mwaka 1915, na New York ikafuata mwaka 1924.

Mfuko wa namna hii haupiki chakula wala hauzishi mtu, na hapo ndipo wengi hukosea kuuelewa. Hutoa ruzuku kwa vyama vya hisani vya mahali hapo: chama kinacholea yatima, jiko la kanisa linalolisha wazee, zahanati ya mtaani, kundi la wanawake wanaowapokea wenzao waliopigwa nyumbani. Kabla ya kutoa, huuliza hesabu. Baada ya kutoa, hutuma mtu akaone. Miaka ikipita, watumishi wa mfuko wanafahamu ni chama gani kina mweka hazina mwaminifu, ni kipi kina maneno mengi kuliko kazi, na ni nani mwenye ufunguo wa ghala siku ya Jumapili. Maarifa hayo hayaandikwi katika vitabu vya benki. Hata hivyo, siku ya msiba yana thamani kuliko fedha zenyewe, kwa kuwa fedha huweza kuchangwa kwa wiki moja, na maarifa hayo hayachangwi.

Hayo yalionekana wazi mjini New York. Tarehe 11 Septemba 2001, ndege zilizotekwa ziliyaangusha majengo mawili marefu ya World Trade Center, wakafa watu 2,753. Miongoni mwao walikuwa wazima moto 343, polisi 23 wa mji, na polisi 37 wa mamlaka ya bandari, ambao wengi wao walikuwa wakipanda ngazi wakati wengine wakishuka. Siku ile ile, moshi ungali umetanda, mfuko wa jamii wa New York uliungana na shirika la michango la United Way la mji huo, wakafungua mfuko maalumu kwa ajili ya waliofikwa. Watu zaidi ya milioni 2 walichanga, na jumla ikafikia dola milioni 534.

Kupokea fedha nyingi kiasi hicho ni mtihani. Waanzilishi wa mfuko hawakuwa na madirisha ya kuwapokelea wajane, wala hawakujaribu kuyajenga. Fedha za kuwapa watu mkononi walizipitisha kwa Safe Horizon, chama cha mjini hapo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikiwasaidia waliodhuriwa na wahalifu. Watumishi wake walizoea kuketi na mtu asiyeweza kuimaliza sentensi yake. Hawakuhitaji kufundishwa kwamba mama aliyempoteza mumewe jana hawezi kujaza fomu ya kurasa 6, wala kwamba kodi ya nyumba haingoji matanga yaishe.

Tena waliofikwa hawakuwa wajane peke yao. Karibu na mahali pale uko mtaa wa Wachina, uliokuwa wakati huo na viwanda vidogo vya kushona nguo, na vizuizi vya polisi vilivyowekwa kwa usalama viliwafungia njia wateja na magari ya mizigo. Washonaji wakakaa bila kazi. Misaada mingi ilichorewa mpaka kwenye barabara ya Canal, aliye kusini apate na aliye kaskazini akose, ingawa cherehani zilikuwa zimenyamaza pande zote mbili. Mpaka kama huo huchorwa na mtu aliye mezani mbele ya ramani. Wako pia wapishi na wasafishaji waliokufa katika majengo yale ambao waliishi nchini bila hati, hata majina yao ya kweli hayakuwamo katika vitabu vya mshahara. Ndugu zao waliogopa kuingia ofisi yoyote. Walikwenda kwa Asociación Tepeyac, chama cha wahamiaji, hasa wa Mexico, kwa kuwa walikijua kabla, nacho kikawasaidia kutafuta ushahidi kwamba fulani aliishi, alifanya kazi pale, na hakurudi.

Liko jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalipima kwa uzoefu wao. Familia za wazima moto na polisi zilipata misaada mingi zaidi kuliko familia za wapishi na makarani, maana ilikuwako mifuko mingine iliyoanzishwa kwa ajili yao tu. Haki ya mtu aliyekufa akiitumikia sare yake haina ubishi, na hakuna mwenye akili timamu aliyetaka inyang'anywe. Ila mtoto wa mwosha vyombo naye alibaki bila baba. Kuuziba mwanya huo ilikuwa kazi ya mfuko usiokuwa wa kundi moja, na pengine hiyo ndiyo sababu kubwa ya mji kuwa na mfuko wa wote.

Upesi lawama zikaja. Magazeti na wabunge wakauliza kwa nini fedha za msiba, zilizochangwa na mashirika mbalimbali, hazijamalizika kugawiwa. Swali lilikuwa halali, kwa kuwa fedha zilizolala huzaa mashaka. Lakini mke wa askari aliyewahi kufiwa anajua jinsi mambo yaendavyo. Siku ya kwanza nyumba haina pa kukanyaga. Siku ya arobaini vyombo vya kuazima vimekwisha rudishwa na wageni wameondoka. Na ada ya shule hudaiwa mwezi wa tano. Mfuko ule wa New York ulitoa fedha taslimu mwanzoni, kisha ukaendelea kulipia mafunzo ya kazi, matibabu na ushauri kwa walioumia rohoni, hadi ulipofungwa mwishoni mwa mwaka 2004. Kumaliza mapema kungependeza kwenye magazeti.

Mtihani wa mwaka 2020 ulikuwa wa namna nyingine, na kwa vyama vya hisani ulikuwa mchungu zaidi. Ugonjwa wa korona ulipoingia New York, foleni za chakula zilirefuka, na papo hapo vyama vyenye kugawa chakula vikaanza kuyumba. Wazee waliokuwa wakijitolea jikoni waliamriwa wakae nyumbani. Karamu za kuchangisha fedha zilifutwa. Ruzuku zilizokwisha tolewa zilikuwa na masharti: hizi ni za vitabu vya watoto, hizi ni za safari ya vijana, na shule zimefungwa, na safari hakuna. Chama kikawa na fedha benki kisizoweza kuzigusa, na mlangoni kimesimama kilometa ya watu wenye njaa. Kwa sura mpya, huo ulikuwa ni ugonjwa ule ule wa wosia wa Mullanphy.

Tarehe 20 Machi 2020 mfuko wa jamii wa New York, pamoja na wafadhili wengine wakubwa, ulitangaza akiba ya dola milioni 75 kwa ajili ya vyama vya mji huo, nayo ikaongezeka hata ikazidi milioni 100. Sehemu ilikuwa ruzuku, na sehemu ilikuwa mikopo isiyo na riba. Mkopo huo una maana yake. Vyama vingi hufanya kazi kwa mkataba na serikali, na serikali hulipa baada ya kazi, aghalabu kwa kuchelewa. Kwa hiyo chama chenye haki ya kudai kinaweza kufunga milango kabla ya hundi kufika. Mamia ya mifuko kote Marekani iliahidi wakati huo kulegeza masharti, ili fedha za safari zilipe mshahara wa mpishi.

Mshahara wa mpishi, kodi ya chumba, bili ya umeme: haya huitwa gharama za uendeshaji, na wafadhili huyachukia. Kila mmoja anataka sarafu yake igeuke mkate, na mkate huo upigwe picha. Bali kila mwenye nyumba anajua kwamba unga bila kuni, bila sufuria na bila mtu wa kusonga, hulala ukiwa unga. Mfuko uliotangulia msiba huyajua haya kwa sababu umekuwa ukitazama hesabu za vyama hivyo hata katika miaka ya amani.

Hata hivyo mifuko hii isisifiwe kupita kiasi. Mali ya asili huhifadhiwa, na kinachotolewa kila mwaka ni sehemu ndogo tu, kama moja ya ishirini ya mali yote. Ndiyo maana ukija msiba hufunguliwa akaunti maalumu na watu huombwa upya. Isitoshe, mji wenye matajiri wengi huwa na mfuko mnene, na wilaya maskini, ambayo ndiyo hupigwa zaidi na kila balaa, huwa na mfuko mwembamba au haina kabisa. Hilo halijapata dawa hata huko Marekani.

Katika Afrika ya Mashariki mbegu hii imepandwa. Nchini Kenya, Kenya Community Development Foundation ilianza mwaka 1997, ikiungwa mkono mwanzoni na Ford Foundation na Aga Khan Foundation, kisha ikajitahidi kuchangisha kwa Wakenya wenyewe. Huwasaidia wanavijiji kuweka akiba ya kudumu iliyo mali yao, isiyoliwa mtaji wake, na pengine huongeza juu ya kile walichochanga wao.

Kazi hii ni ngumu kuliko harambee. Harambee ya maiti iliyoko hospitali hujaa usiku mmoja, kwa kuwa jina la marehemu linajulikana na mama yake ameketi pale. Mweka hazina wa akiba ya kudumu husimama mbele ya watu wale wale, akaulizwa fedha hizi ni za nani, na yeye hana wa kumtaja. Husoma hesabu za mwaka uliopita kwa sauti, akaonyesha kiasi kilichozaliwa na chama kilichopewa, akangoja. Wengine huinuka wakaenda zao. Wachache hubaki, wakatoa kidogo, na majina yao yakaandikwa.