Matundu Yalindayo Moto wa Jikoni

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Nasi tukaao mijini twajua kwamba haba na haba hiyo hiyo humaliza gunia la makaa. Katika nyumba nyingi za hapa Bujumbura makaa hula fedha baada ya unga na mafuta, na aghalabu mama wa nyumbani ndiye abebaye mzigo huo peke yake. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, nimeona si vibaya leo tukilitazama jiko lenyewe, tujiulize joto lake huenda wapi.

Mbabura ya bati tupu haina siri. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 50 kuliko tofali la udongo. Joto ambalo lingeichemsha sufuria hukimbilia kwenye bati, likatoka ubavuni na kupotea hewani. Mtoto akiligusa jiko hilo huungua, na mama hutia makaa mengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi na wataalamu wa Kenya walitengeneza jiko la bati lenye kiuno chembamba, wakiiga kwa sehemu jiko la ndoo la Thailand. Ndani yake walitia tabaka la udongo uliochomwa, mfano wa bitana ndani ya koti. Jiko hilo lilipendwa, likavuka mipaka hadi Uganda na Rwanda.

Wengi hudhani kwamba udongo huo hulinda moto kwa kuwa ni mzito na mgumu. Sivyo. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo mno, takriban mara 25 chini ya tofali gumu. Mfinyanzi akichanganya udongo na pumba za mchele au unga wa mbao, kisha akauchoma tanurini, pumba huungua na kuacha matundu madogo yaliyojaa hewa. Joto likitaka kupita halina budi kufuata kuta nyembamba za udongo, likizunguka kila tundu kama mtu apitaye vichochoro. Safari hurefuka, na njia ni finyu.

Lakini si kila tundu lafaa. Tundu likiwa kubwa, hewa iliyomo hupata nafasi ya kuzunguka na kubeba joto. Tena, moto ukiwa mkali, mng'ao wake huruka kutoka ukuta mmoja hadi wa pili bila kuhitaji daraja. Kwa hiyo matundu madogo mengi ni bora kuliko mashimo makubwa machache.

Hekima hiyo hiyo ilitumika juu ya mawingu. Chombo cha anga cha Columbia cha Marekani, kilichoruka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981, kilivikwa vigae vya nyuzi za silika ambavyo sehemu kubwa, kama asilimia 90, ilikuwa nafasi tupu. Kigae kilichotoka katika tanuri la nyuzi 1,200 za sentigredi, kikiwa bado chekundu katikati, mtu aliweza kukishika pembeni kwa mkono mtupu.

Je, matundu peke yake yatosha? Hebu tuyatazame makaa. Kaa ni mti uliobakiza kaboni na matundu yake. Ndiyo sababu upande mmoja huwaka na wa pili ukashikika kwa muda. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa maabara ya Oak Ridge huko Marekani walitengeneza povu la grafiti, ambayo nayo ni kaboni. Povu hilo ni jepesi kuliko maji na limejaa matundu, lakini hupitisha joto kuliko chuma, maana chembe za kaboni katika kuta zake zimepangwa sawasawa na kuwa barabara iliyonyooka. Hulifaa kazi ya kupoza mitambo, si ya kutunza moto. Kumbe tundu huzuia, bali ukuta ndio huamua.

Nina dada yangu mtaani Buyenzi, mjane, ambaye hukaanga maandazi tangu alfajiri, na karo ya watoto wake hutoka katika faida inayobaki. Nilipomshauri anunue jiko la udongo, alinijibu, "Kaka, bei yake ni ya majiko mawili ya bati, na likivunjika nani atanilipa?" Swali lake lilikuwa la haki. Alilinunua hata hivyo, na juma la kwanza alinung'unika kwamba lachelewa kushika moto. Hilo nalo ni kweli: udongo hunywa joto kwanza kabla ya kulitunza. Kwa mtu achemshaye kikombe kimoja cha chai faida ni ndogo. Kwa yeye akaangaye saa tatu mfululizo, deni hilo la mwanzo hulipwa mapema, na mwisho wa mwezi alikuwa na akiba ya makaa aliyozoea kuikopa.

Basi akina mama, na akina baba mtoao fedha, msinunue kwa macho tu. Matundu yakizidi, udongo hudhoofika na kumeguka. Yakipungua, joto hupita. Gonga ule udongo kwa kidole kabla haujapachikwa: ukilia vizuri ni mzima, ukitoa sauti nzito huenda una ufa. Tazama pia kama nafasi baina ya udongo na bati imejazwa barabara. Nyumbani usiliache jiko mvuani, wala usilimwagie maji kuzima moto. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Yakiingia katika matundu hufukuza mlinzi na kumkaribisha mwizi, na yakigeuka mvuke ghafla hupasua udongo. Siku ya kwanza washa moto mdogo, uuache ukauke polepole.

Gunia la makaa ni msitu uliokatwa na jasho la mtu. Asiyelilinda joto lake hulipia vyote viwili, kisha hula ugali mbichi.