Kusimama juu ya Maji

Mwanadamu hujifunza kusimama kabla hajajua kutaja jina lake, na akisha kujua husahau kuwa alijifunza. Tangu siku hiyo huihesabu ardhi kuwa mali yake: huikanyaga bila ya kuiomba ruhusa, na miguu yake humtii bila ya amri. Apandaye ubao majini kwa mara ya kwanza hurudishwa hata siku ile aliyoisahau. Pengine ana miaka ishirini, pengine sitini. Pengine ana shahada na cheo, na watu humpisha njiani. Ubao haujui hayo. Magoti humtetemeka, mikono hutafuta pa kushika, na baada ya pumzi mbili yumo majini. Ni michezo michache iwezayo kumfundisha mtu mzima unyenyekevu kwa gharama ndogo kama hiyo.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu husimama juu ya ubao mpana unaoelea, akauendesha kwa kafi refu, mara kuumeni mara kushotoni. Kusimama chomboni si jambo geni duniani. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki husukuma mitumbwi kwa upondo katika maji machache hali wamesimama. Lakini mchezo huu kwa sura yake ya leo una asili yake Hawaii, ambako kwa lugha ya wenyeji huitwa hoe he'e nalu. Katika ufuko wa Waikiki, katikati ya karne ya 20, walikuwako watu wenye kazi ya kuwafundisha wageni kupanda mawimbi. Baadhi yao walisimama juu ya mbao zao wakishika makafi ya mitumbwi, wapate kuona wimbi linalokuja na kuwalinda kwa macho wanafunzi wao waliotawanyika. Desturi hiyo ilififia, kisha katika miaka ya 1990 Laird Hamilton na Dave Kalama wakaifufua katika kisiwa cha Maui, na baada ya mwaka 2000 ikaenea katika bahari, maziwa na mito ya nchi nyingi. Inafaa mwanafunzi aikumbuke asili hiyo. Walimu wale walisimama ili waone; mwanafunzi wa leo aghalabu hutaka kusimama ili aonekane, na haraka hiyo ndiyo humwangusha.

Kwanza achague ubao wa kumfaa. Ubao wa anayeanza huwa na urefu wa kama meta 3.2 na upana wa kama sentimeta 80. Ubao mwembamba huenda mbio, lakini humtupa asiyeuzoea. Kafi nalo lizidi kimo cha mwenyewe kwa sentimeta 20 hivi. Bapa lake limepinda kidogo, na hapo wengi hukosea: hulishika kama kijiko cha kuchotea, mpindo ukielekea kwao. Mpindo unatakiwa uelekee mbele, bapa lipate kuzama mbali na kubaki wima wakati wa kuvutwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga, na atakaye kusimama juu ya maji sharti apige magoti. Huingia na ubao wake mpaka maji yamfikie mapajani, ili pezi lililo chini ya ubao lisigonge mchanga. Hupanda kwa magoti katikati, mahali palipo na mpini wa kubebea, kwa kuwa hapo ndipo ubao unapolingana. Hupiga kafi akiwa amepiga magoti mpaka ajue jinsi ubao unavyokwenda na jinsi unavyogeuka. Ndipo ainue mguu mmoja, kisha wa pili, na kuiweka nyayo pale yalipokuwa magoti, zimeachana kwa upana wa mabega, vidole vikielekea mbele. Magoti yasikazwe, yabaki yamelegea kidogo, yapokee kila mtikiso kabla haujafika kiunoni.

Akisha simama, adui yake wa kwanza ni macho yake mwenyewe. Hofu humwambia atazame miguu, na aitazamaye miguu huanguka, maana kichwa ni kizito na mwili hukifuata kinakoinamia. Atazame upeo wa macho, mahali bahari na mbingu zinapokutana. Mstari ule hautikisiki, na mwili hujipima kwao. Adui wa pili ni kusita. Mwenye hofu huinua kafi hewani kama fimbo ya mtembea juu ya kamba, kumbe amejinyang'anya mguu wa tatu. Kafi lililo ndani ya maji humtegemeza mwenyewe, na ubao uendao hutulia kuliko ubao uliosimama.

Ataanguka. Heri aanguke kwa hiari katika saa ya kwanza, kwa sababu asiyeanguka mapema hutawaliwa na woga siku nzima. Aangukie mbali na ubao, kwa mgongo au kwa ubavu, asitangulize kichwa, maana hajui kina cha maji. Akiibuka aushike ubao kwanza, na kafi baadaye. Ubao ndio chombo chake na ndio boya lake.

Mpaka hapo anguko halina hasara ila maji ya chumvi puani. Hatari ya kweli haiji kwa kishindo. Huja na upepo utokao bara, ambao watu wa pwani huuita umande. Asubuhi umande ukivuma, maji ya karibu na ufuko hulala kama kioo, na mgeni hudhani bahari inamkaribisha. Mwili uliosimama ni tanga. Upepo humchukua polepole, naye huhesabu mwendo ule kuwa ustadi wake, kwa kuwa aendaye na upepo hasikii uzito. Akigeuka ndipo ajuapo bei ya safari. Maji nayo yana hesabu yake. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, bahari huingia na kutoka kupitia mlango mwembamba, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani hiyo hupita meta 3; maji yakianza kupwa, aliyeko mlangoni huvutwa nje. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye busara huuliza njia ya kurudi kabla ya kuuliza njia ya kwenda: huanza safari joshini, akipigana na upepo angali na nguvu, ili aurudie ufuko kwa msaada wake.

Na upepo ukimzidi afanyeje? Arudi chini. Apige magoti, tanga lipungue nusu. Ukizidi tena, alale kifudifudi na kupiga maji kwa mikono, kafi akilibana chini ya kifua. Ubao asiuache kamwe. Kamba ya kumfunga nao huvaliwa mguuni baharini na katika maji yaliyotulia. Katika mto uendao kasi hutakiwa ile ya kiunoni, iwezayo kufunguliwa kwa mkono mmoja, isije ikamnasa penye kizuizi. Tahadhari hizi zimenunuliwa kwa roho za watu. Mnamo Oktoba 2021, huko Haverfordwest katika Wales, kundi la wapanda ubao lilipita juu ya kizingiti cha mto uliofurika, na watu wanne wakafa. Nchini Marekani, tangu mwaka 2008, walinzi wa pwani wameuhesabu ubao huu kuwa chombo cha majini, na mpandaji wake hutakiwa kuwa na vazi la kuelea akitoka nje ya mahali pa kuogelea na kupanda mawimbi.

Basi magoti ni mwanzo wa elimu hii, na ni kinga yake pia. Mwanafunzi mwenye kiburi huyaona kuwa aibu ya siku ya kwanza, akaapa kutoyarudia. Upepo hupenda watu wa namna hiyo. Bingwa huyapiga bila ya haya mbele ya macho ya ufuko mzima, kisha upepo ukipoa husimama tena. Na asimamapo huvuna tunda lake: chini ya nyayo zake huona samaki na majani ya bahari katika maji safi, mbele yake huona mawimbi yakijipanga, na nyuma, ambako hasahau kuangalia, huuona ufuko haujawa mbali.