Msomi Aliyebeba Viroba

Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Nilizaliwa Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1994 nilihamia Nyarugusu, Geita, kutafuta riziki. Wakati ule Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilifanywa mkoa mwaka 2012. Leo nataka kueleza habari za kijana mmoja mkimbizi. Jina lake silitaji.

Kijana huyo alifika kwenye duara letu mapema mwaka 1997. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, nchi ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Tulimpa kazi ya kubeba viroba vya mawe kutoka shimoni mpaka kwenye karasha. Jioni alisoma kipande chochote cha gazeti alichookota. Basi tukamwita "Profesa". Watu walimcheka. Mimi pia nilicheka.

Moshi usioonekana

Siku moja nilimkaribisha nyumbani kula ugali. Alinikuta jikoni nachoma dhahabu. Sisi wachimbaji tulichanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, kwa sababu zebaki huishika dhahabu. Kisha tulikamua kwa kitambaa. Donge lililobaki tulilichoma. Zebaki ilikwenda hewani, dhahabu ikabaki. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikaa karibu na moto ule ule, anasonga ugali.

Kijana alisimama mlangoni. Akasema, "Kaka, mtoe mama nje. Mtoe sasa hivi."

Nilikasirika. Mbeba viroba ananiamuru nyumbani kwangu? Lakini hakuondoka. Alinieleza kwamba moshi wa zebaki hauonekani vizuri, wala huwezi kuunusa. Ukiuvuta unaingia mapafuni, halafu kwenye damu. Unaharibu ubongo na figo. Unamfikia hata mtoto aliye tumboni. Akaniambia, "Tazama mikono yako." Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Mimi nilidhani ni uchovu wa kazi.

Kesho yake alinichorea kifaa kwa kijiti mchangani. Ni chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana. Kina bomba linalopita kwenye maji baridi. Moshi wa zebaki ukipoa ndani ya bomba, hugeuka kuwa zebaki tena, nawe unaikinga. Fundi wa kuchomelea alikitengeneza. Tangu siku ile sikuchoma tena jikoni. Nilichomea mbali na nyumba.

Alivyokwama

Nilimwuliza, "Mdogo wangu, wewe ni nani hasa?" Akanieleza. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kemia mjini Bukavu. Alitaka kuwa mwalimu. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Alikimbia na nguo alizovaa. Alivuka Ziwa Tanganyika kwa mashua, akafika Kigoma. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba yao.

Aliandika barua kwenye chuo kimoja, akaomba kumaliza masomo. Mimi ndiye niliyeipeleka posta. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: alete vyeti halisi. Aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akarudi kubeba viroba.

Baadaye alisema hataki kuishi kwa kujificha. Akaenda kujiandikisha kambini. Kambi hiyo nayo inaitwa Nyarugusu, lakini iko Kasulu, Mkoa wa Kigoma. Ilifunguliwa mwaka 1996. Mwaka 1999 nililetewa barua yake. Alikuwa anafundisha watoto chini ya turubai. Baada ya hapo sikupata habari zake tena.

Je, watoto wetu?

Najua wengine watasema, "Watoto wetu wenyewe hawapati nafasi za kutosha. Kwa nini tuwape wageni?" Hata mimi nimeliwaza jambo hilo. Binti yangu yule aliyekuwa tumboni alizaliwa salama. Akaenda sekondari. Lakini shule yake ilikaa miaka miwili bila mwalimu wa kemia. Mtihani wa kemia alishindwa. Nami nilijua kwamba mtu wa kemia nilikuwa naye shimoni, anabeba mawe. Angalimaliza chuo, huenda angalimfundisha binti yangu. Kumsomesha mkimbizi si kumnyang'anya mtoto wako nafasi. Pengine ndiko kumpatia mwalimu.

Isitoshe, jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Mmoja wao, Mahmood Mamdani, alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye akawa msomi anayejulikana duniani. Na baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi mwaka 1976, vijana wengi walikimbia Afrika Kusini. Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa nchi yetu. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na watoto wetu wanasoma humo. Tuliwakaribisha wageni, wakatuachia chuo.

Na suala la vyeti lina dawa. Mwaka 2019 majirani zetu wa Zambia, pamoja na UNESCO, walianza kujaribu mpango mmoja. Mkimbizi asiye na vyeti kamili huhojiwa na wataalamu. Wakiridhika na elimu yake, humpa hati ya kumsaidia kuomba chuo au kazi. Karatasi huungua. Elimu iliyo kichwani haiungui.

Sisi wachimbaji tunajua habari ya marudio. Ni mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu. Zamani tuliuona takataka. Mimi niliuza marudio yangu kwa bei ya kutupa. Walionunua walikuwa na ujuzi, wakatoa humo dhahabu nyingine, nami nikabaki kushangaa.

Ndugu zangu, wakubwa wa vyuo na wa serikali wakisoma ukurasa huu, nawaomba jambo moja. Mkimbizi akiwaandikia kwamba alikuwa mwanafunzi au mwalimu, msimwulize vyeti tu. Mkalisheni, mumpime. Kifaa alichonichorea yule kijana ninacho mpaka leo.