Kuteleza au kusogezwa

Nilipomaliza masomo ya sheria hapa Lubumbashi, baba alianza kuniita Maître mbele ya majirani, ingawa joho la wakili sikuwa nimelivaa hata siku moja. Sikulivaa kamwe. Shirika moja la kiraia liliniajiri nichambue miswada ya sheria ya uchaguzi, kwa Kifaransa, kwa ajili ya wabunge ambao sijui kama walinisoma.

Januari 2015 watu wa Kinshasa, Goma na Bukavu waliingia barabarani kwa sababu ya mswada mmojawapo: ulitaka uchaguzi ungoje kwanza hesabu ya watu nchi nzima. Kuna waliouawa. Seneti ikakiondoa kifungu hicho. Mimi nilikuwa nimekiandikia kurasa kumi na mbili, na mtaani kwetu hakuna aliyejua kwamba ninakijua.

Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei, Korti ya Katiba ilitafsiri kifungu cha 70: rais aliyemaliza muhula hubaki kazini hadi mpya aliyechaguliwa ashike kiti. Jioni mjomba akazima redio yake.

"Mwanangu, hiyo glissement wanayoimba kila siku, kwa lugha yetu ni nini?"

Nikajibu haraka: kuteleza.

"Anayeteleza huanguka. Hapa nani ameanguka?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Kuteleza hakuna mkosaji, ni matope tu. Kusogeza kuna mkono. (Na "muhula unasogezwa" bado huuficha mkono huo, wanaisimu mtaniambia.) Niliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nikaupeleka kwenye redio moja ya mjini. Mhariri alifuta "unasogezwa", akaweka "unaongezwa". Alisema neno langu lingewafungia mitambo. Nikanyamaza.

Lakini "unaongezwa" lilikuwa kosa la sheria. Korti haikuongeza muhula, na kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula kwa marekebisho yoyote ya Katiba. Mwanasheria nilikuwa mimi, na jina langu lilisomwa hewani. Kesho yake mjomba akanisalimia: "Kumbe wameongeza?"

Nilirudi redioni kuomba kusahihisha, nikasahihisha kwa sauti yangu mwenyewe. Ndivyo nilivyobaki huko, kwa nusu ya mshahara wa zamani. Baba aliacha kuniita Maître karibu mwaka mzima. Alikuwa ameuza shamba kulipa minervali yangu, naye sikumlaumu.

Kifungu cha 142 kinaiamuru serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu itangazwe. Sheria ya uchaguzi kwa Kiswahili sijawahi kuishika mkononi. Ninajitafsiria mwenyewe, usiku, baada ya habari za saa mbili. Nimekwama kwenye "suffrage". "Kura" ni ile karatasi inayotumbukizwa sandukuni, na hapa sheria inasema zaidi ya karatasi. Mwenye neno aniletee.