Nyama ya Baba, Nyama ya Mtoto

Huku Kasapa, karibu na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, twasikia mara nyingi maneno haya: "Daktari amemkataza baba nyama, basi nyumbani hatupiki nyama tena." Twauona upendo ulio ndani yake. Lakini tiba ya mmoja yaweza kuwa njaa ya mwingine.

Nyama, samaki, mayai na maharagwe vina protini, ijengayo mwili. Protini ikiisha kutumika huacha taka katika damu, na kazi ya kuziondoa ni ya mafigo. Mafigo mazima huiweza. Yaliyoharibiwa na shinikizo la damu au kisukari huelemewa, maana sehemu chache zilizobaki hufanya kazi ya zote, nazo huchakaa upesi. Tena mafigo mabovu hulipandisha shinikizo, nalo huzidi kuyaharibu. Mwaka 1939, huko Marekani, daktari Walter Kempner alianza kuwalisha wagonjwa hao wali na matunda, protini kidogo na chumvi kidogo mno. Shinikizo la wengi likashuka. (Sisi tuliozoea bukari tungalivumilia siku ngapi?)

Siku hizi madaktari hawafiki mbali hivyo. Mtu mzima mwenye mafigo dhaifu, asiyesafishwa damu kwa mashine, hushauriwa protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 apata gramu 48. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina karibu 26. Basi kipande kidogo si sumu. Sisi twayaogopa zaidi makayabu. Watu husema, "Ni samaki tu," kumbe chumvi yake ndiyo ipandishayo shinikizo, na Shirika la Afya Ulimwenguni lataka tusifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Kuyaloweka usiku kucha na kubadili maji hupunguza chumvi, wala hakuimalizi.

Mtoto aliyeachishwa ziwa, je? Akilishwa bukari na majani tu, aweza kuvimba miguu na uso, na nywele zikageuka rangi: ndiyo kwashiorkor. Huyo apewe yai, kapenta, karanga, hata kama baba yake hali.

Hali kadhalika mgonjwa aliyekwisha kuanza kusafishwa damu kwa mashine. Mashine humpotezea sehemu ya protini, kwa hiyo hutakiwa gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo. Twawajua jamaa waliomnyima kuku mgonjwa wa namna hiyo, wakishika kwa uaminifu agizo alilopewa kabla ya mashine.