Mzizi na Kipimo

Nchi ya Singida haikujaliwa mvua nyingi, walakini ilijaliwa miti yenye subira. Katikati ya majabali yaliyouzunguka mji, kando ya maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, na zaidi katika kichaka kizito cha Itigi ambacho mtu hukipenya kwa taabu, huota mimea ambayo mgeni huiona kuwa kuni tu. Mwenyeji huitazama kwa jicho jingine. Kwake mti huu ni wa tumbo, ule ni wa kifua, na mwingine ni wa kidonda kisichopona. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu walirithi elimu hii kwa wazee wao kama walivyorithi mifugo na mashamba, na sehemu kubwa yake haikupata kuandikwa daftarini. Imehifadhiwa na kichwa cha mzee, na mkono wa mjukuu anayetumwa kuchimba.

Siku hizi elimu hiyo huulizwa swali ambalo wahenga hawakuulizwa mara nyingi: Je, mitishamba yaweza kupigana na saratani? Wako wajibuo kwa kicheko, wakisema kuwa mizizi ni mambo ya ujinga wa kale. Wako wengine wajibuo kwa kiapo, wakisema kuwa mzizi huponya kila kitu. Makundi haya mawili hugombana sana, lakini yana kosa moja la pamoja. Yote mawili yamejibu kabla ya kupima.

Kosa hili lingekuwa dogo kama lingeishia katika maneno. Bahati mbaya haliishii huko. Chukulia mama mmoja wa kijiji cha mbali katika wilaya ya Mkalama. Jioni anaoga, mkono wake unagusa kivimbe katika titi, kidogo kama punje ya kunde, tena hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, hasemi. Miezi inapita, kivimbe kinakua, na ndipo anapomwambia mkwewe kwa haya. Mkwewe anampeleka kwa babu mmoja mwenye sifa ya kujua miti. Babu anampokea kwa upole, anamwuliza habari za watoto na za mtama, kisha anamwambia, "Mwanangu, tutajaribu mzizi." Babu hamlaghai. Mzizi ule umewahi kuwafaa watu wengi wenye majipu na vidonda. Kosa haliko katika nia ya babu, wala katika imani ya mama. Jambo la kuulizwa ni kwamba mzizi ule umepimwa kwa ugonjwa gani, na kwamba mama huyu ana muda kiasi gani wa kungoja jibu.

Kwamba mti waweza kutoa dawa ya saratani, hilo halina ubishi tena. Shahidi wake ni ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe ambalo hupandwa mbele ya nyumba kwa ajili ya uzuri tu. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na wataalamu huliita Catharanthus roseus. Huko Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake na kuyanywa kama chai kwa ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 majani hayo yalipelekwa Kanada, yakafika mikononi mwa Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Noble na mwenziwe, Charles Beer, waliyajaribu kwa wanyama wa maabara. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Mtu mwenye pupa angaliyatupa majani yale kuwa hayafai. Wao walijiuliza kama kitu kinachopunguza chembe nyeupe hakiwezi kuizuia saratani ya damu, ambayo ni kuzidi kwa chembe hizo kupita kiasi. Swali hilo lilizaa dawa ya vinblastine, waliyoitangaza mwaka 1958, na baadaye ndugu yake vincristine, iliyotoka katika maabara za kampuni ya Eli Lilly ya Marekani.

Mwaka huohuo wa 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya motokaa ya maili zipatazo 10,000, wakapita Tanganyika na kufika Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama uvimbe ule umeonekana. Baadaye vincristine ilikuwa mojawapo ya dawa zinazoutibu ugonjwa huo. Basi jani la Bukini, baada ya kuzunguka Jamaika na Kanada, lilirudi kumponya mtoto wa Afrika Mashariki. Ndugu hao wawili wa ua moja wameshiriki pia, pamoja na dawa nyingine, katika kuigeuza saratani ya damu ya watoto, iliyokuwa hukumu ya kifo, ikawa ugonjwa ambao watoto wengi hupona wakitibiwa mapema na kwa ukamilifu.

Baada ya kusikia hayo, msomaji asikimbilie bustani yake na sufuria. Yahitajika mamia ya kilo za majani makavu ili kupata gramu moja ya dawa. Na gramu moja hiyo ni nyingi mno kwa mwili mmoja: kipimo cha vincristine kwa mtu mzima kwa kawaida hakizidi miligramu 2 kwa mara moja. Hutiwa mshipani, ikikosewa njia ikaingia katika uti wa mgongo, huua. Hata ikipewa kwa usahihi yaweza kufisha ganzi vidole vya mikono na miguu. Hivyo jani lililo bichi katika chungu laweza kuwa na sumu ya kutosha kumdhuru mgonjwa, na dawa isiyotosha kumponya. Tofauti kati ya sumu na dawa, aghalabu, ni kipimo.

Fundisho la pili li karibu zaidi na nyumbani. Uko mti mdogo wa miiba, wenye majani ya kijivu na maua meupe madogo, uitwao Maytenus senegalensis. Huota katika nyika nyingi za Afrika, na nyika za Singida si kando. Mizizi na magome yake hutumiwa na waganga wa nchi mbalimbali kwa homa, kifua na vidonda. Jamaa yake mmoja, uliochumwa Ethiopia, uliingia katika maabara ya Morris Kupchan huko Marekani, na mwaka 1972 ikatangazwa kuwa ndani yake imeonekana dutu kali sana ya kuua chembe za saratani, ikaitwa maytansine. Furaha ilikuwa kubwa. Ili kupata dutu hiyo kwa majaribio, jamaa mwingine wa mti huo ulivunwa katika vilima vya Shimba, pwani ya Kenya, zaidi ya tani 27. Dutu ilipojaribiwa kwa watu, ilionekana kuwa kali mno: iliwadhuru wagonjwa kuliko ilivyowafaa, na majaribio yakaachwa. Mti ukawa umekatwa, na mgonjwa asipate kitu.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Wataalamu walirudi, wakaibadili sumu ile kidogo, wakaifunga katika kingamwili iitwayo trastuzumab, ambayo huitafuta chembe ya saratani kama tarishi ajuaye nyumba ya kufikisha barua. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa aina moja ya saratani ya titi. Tangu kupatikana kwa dutu hadi kuidhinishwa kwa dawa ilipita miaka 41. Na kwa sasa dutu ya kuanzia haitoki tena katika mti. Hutolewa na bakteria wanaofugwa viwandani.

Mtu wa Singida aweza kusema, "Basi mti wetu ni ndugu wa dawa." Ni kweli, lakini ndugu wa mganga si lazima awe mganga. Miti ya ukoo mmoja hutofautiana tabia kama watoto wa tumbo moja. Undugu ni sababu njema ya kuupima mti. Si ruhusa ya kumnywesha mgonjwa.

Taifa zima lilikumbushwa jambo hili mwaka 2011, wakati maelfu ya watu kutoka kila pembe ya nchi na hata nchi jirani walipofuatana kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mzee Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Dawa ile ilitokana na mti wa mugariga, na ilitajwa kuponya magonjwa sugu, saratani ikiwamo. Magari yalijipanga kwa kilomita nyingi. Watu wale hawastahili kuchekwa. Walikuwa wamechoka kwa maradhi, na aliyechoka hushika hata jani. Lakini tumaini halikufanya kazi ya kipimo, na aliyeacha dawa zake za hospitali kwa ajili ya kikombe alilipa zaidi ya shilingi 500.

Njia ya kuziba pengo hili ipo, nayo si ya kumfukuza babu. Kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikakua na kuwa taasisi. Na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga nafasi ya kusajiliwa na kusikilizwa. Penye nafasi hiyo, mzee wa Iramba au Manyoni aweza kuleta mzizi wake, akaandikwa jina, na haki yake ikatambuliwa kabla ya siri kutoka mdomoni mwake. Mtafiti naye ana wajibu wa kurudi kijijini na jibu, hata likiwa jibu la kukatisha tamaa. Mzee aliyetoa mzizi asisikie jibu, safari ya pili atanyamaza. Na mzee akifa kimya, kichaka cha Itigi chote hurudi kuwa kuni.

Hayo ni ya miaka, na mama wa Mkalama hana miaka. Kivimbe chake hakijui kuwa utafiti unaendelea. Hospitali ya Bugando iko Mwanza, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, mwendo wa kutwa kwa basi. Nauli yake yaweza kuwa bei ya mbuzi wa mwisho. Hata hivyo saratani ya titi ikikutwa mapema hutibika vizuri zaidi kuliko ikikutwa imekwisha kuenea, na wagonjwa wengi nchini hufika hospitali ikiwa imekwisha kuenea.

Ndiyo maana neno lenye thamani kuliko yote katika kisa hiki limo mikononi mwa babu yule. Mama atamsikiliza yeye kabla ya kumsikiliza daktari asiyemjua. Babu akisema, "Mwanangu, kivimbe cha titi si cha kungojea mzizi, nenda hospitali, nami mzizi wangu nitaupeleka upimwe," amekuwa mganga mara mbili: amemtibu mama wa leo, na huenda akamtibu mjukuu wa mama huyo kesho kutwa. Mficha maradhi kifo humfichua. Na mti nao, usipopimwa, hauna jinsi ya kutoa ushahidi wake.